Topspini ya foahendi inayoanzia miguuni: mwongozo kamili kwa anayechoka bega kabla ya seti ya pili

Kila Jumamosi jioni hakosi mtu wa kunijia kwenye ukumbi wa mpira wa meza ameshika bega la kulia. Mara nyingi anakuja na jibu lake kabisa: "Kocha, mkono wangu hauna nguvu." Namwomba apige topspini tano nimtazame. Kifua chake kinatazama wavu mwanzo hadi mwisho, magoti yamenyooka, na mkono peke yake unahangaika. Mkono ule una nguvu tele. Umeachiwa kazi ya mwili mzima, basi.

Nimelieleza hili kwa mdomo mara nyingi mno. Watu wanaitikia, wanaondoka, na wiki inayofuata wanarudi na kosa lile lile. Ndiyo maana nimeliandika lote hapa, kwa mpangilio ninaoutumia ninapofundisha. Maelekezo yote ni ya mchezaji wa mkono wa kulia. Wewe wa kushoto geuza pande.

Tuelewane kwanza kwa maneno mawili. Foahendi ni mpigo wa upande wa kiganja. Topspini ni kuusugua mpira kutoka chini kwenda juu na mbele, uzunguke kuelekea kwa mpinzani, upite juu ya wavu kisha udondoke haraka mezani.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Meza yenye wavu uliokazwa. Kimo chake ni sentimita 15.25, wavu uliolegea katikati utakudanganya kwamba umefaulu.
- Nafasi ya mita 3 nyuma yako, bila viti wala mabegi.
- Mipira 30 hivi kwenye beseni, iwe ya plastiki ya milimita 40. Mchanganyiko wa mipira ya zamani na mipya unavuruga mkono.
- Raketi yenye raba inayoshika. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Raba iliyokufa haiushiki mpira, na bega ndilo litakalojaribu kuziba pengo hilo.
- Viatu vyenye soli isiyoteleza. Ndala ziache mlangoni. Mguu ukiteleza hauwezi kusukuma sakafu, na mguu usiposukuma mkono unachukua kazi yote.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole.
- Chaki au selotepu ya kuchora sakafuni.
- Taulo dogo la uso.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli, ikatwe iwe kamba moja ndefu.
- Mwenzako wa kukulisha mipira. Kwa hatua tano za mwanzo humhitaji.

## Jambo moja la kuelewa: bega lina injini kubwa na breki ndogo

Sitakuchosha na somo la mwili wa binadamu, lakini sehemu hii usiiruke. Wanaoiruka ndio wanaorudi wakiwa na maumivu.

Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni cha mviringo, nacho kimekaa kwenye kisahani kidogo kisicho na kina, pembeni mwa kombe la bega. Kwa sababu kisahani hakina kina, mkono unaweza kuzunguka karibu kila upande. Kwa sababu hiyo hiyo, kiungo hakijishikilii chenyewe. Kinachokishika mahali pake ni misuli minne midogo inayolikumbatia bega kutoka mbele, juu na nyuma.

Unapopiga foahendi, misuli inayourusha mkono mbele ni mikubwa: ya kifua, pamoja na sehemu ya mbele ya deltoidi, ule msuli unaolifunika bega kama kofia. Mpira ukishaondoka, mkono bado una kasi, na lazima kitu kiusimamishe. Kazi hiyo wanaibeba sehemu ya nyuma ya deltoidi na miwili kati ya ile midogo minne, iliyo nyuma ya kombe. Inavutwa huku imekaza, na hiyo ni kazi ngumu kwa msuli wowote.

Sasa piga hesabu. Mipigo 40 kwa dakika, kwa dakika 10, ni mara 400 za kufunga breki. Kama kasi yote imetengenezwa na bega, breki nazo zote ni za bega. Kasi ikitoka miguuni na nyongani, mwili mzima unazunguka na kupunguza mwendo pamoja na mkono, na breki ndogo zinapumua.

Kuna msuli mwingine ambao wengi hawajawahi kuusikia. Uko ubavuni, chini ya kwapa, na umeshikana na mbavu kwa vipande vyenye ncha kama meno ya msumeno. Unalivuta kombe la bega liambatane na mbavu na kulisogeza mbele mkono unapokwenda mbele. Ukiwa dhaifu, kombe linaning'inia, bega linapanda kuelekea sikioni, na kano zilizo juu ya kiungo zinabanwa. Utauona ukifanya kazi katika hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Amsha bega kabla ya kushika raketi (dakika 8)

Anza kwa kutembea haraka au kuruka kamba dakika 3, hadi jasho jepesi litoke. Kisha fanya mambo matatu.

Sukuma ukuta. Weka viganja ukutani usawa wa kifua, viwiko vimenyooka. Bila kukunja viwiko, acha kifua kisogelee ukuta hadi makombe ya bega yakaribiane, kisha sukuma hadi mgongo wa juu uwe mviringo kidogo. Mara 12. Ule mkazo unaousikia chini ya kwapa ndio msuli wa meno ya msumeno.

Fungua mlango kwa tyubu. Funga tyubu kwenye nguzo usawa wa kiwiko, simama ubavu wa kushoto ukiielekea nguzo. Bana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko cha kulia na mbavu, kunja kiwiko pembe mraba, kisha zungusha kigasha kwenda nje kama unayefungua mlango. Rudi polepole ukihesabu hadi 3. Mara 15, mizunguko 2. Huku kurudi polepole ndiko kunakozifundisha zile breki, kwa hiyo usikuharakishe.

Zungusha kiwiliwili. Miguu imara, mikono imelegea, kiwiliwili kinageuka kulia na kushoto mara 20.

Acha kule kujivuta mkono kifuani na kuushikilia kwa nguvu nusu dakika kabla ya kucheza. Kunalegeza msuli muda mfupi kabla ya kuutaka ufanye kazi. Fanya hivyo ukimaliza.

*Umefaulu ikiwa:* bega lina joto, na unaweza kuinua mkono hadi juu ya kichwa bila kuhisi kukwama popote.

## Hatua ya 2: Simama ili usukumike bila kuyumba

Panua miguu kuliko mabega. Mguu wa kulia urudi nyuma nusu ya urefu wa unyayo. Kunja magoti, elekeza kifua mbele kidogo, uzito uwe sehemu ya mbele ya nyayo. Chora nafasi ya miguu yote miwili kwa chaki, utaihitaji baadaye.

Kiwiko kiwe mbele ya mwili kwa umbali wa ngumi moja. Mabega chini.

Raketi ishike kama unavyompa mtu mkono kwa heshima, bila kumminya. Kwa kipimo cha 1 hadi 10, ambapo 10 ni kukamua nguo, baki kwenye 3. Anayeikaba raketi anakaza kigasha, kigasha kinakaza kiwiko, na mwisho bega zima linakuwa kama ubao.

*Umefaulu ikiwa:* mtu akikusukuma kifuani kwa vidole viwili hurudi nyuma.

## Hatua ya 3: Piga bila mkono

Hapa ndipo penye siri, na ndipo ninapowaomba watu wakae siku mbili au tatu nzima. Wengi wanakaa dakika mbili.

Weka raketi chini. Kunja mikono kifuani, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Simama kwenye alama zako za chaki.

Sasa kalia mguu wa kulia. Namaanisha kukalia kweli: nyonga ya kulia irudi nyuma na chini, kama mtu anayeketi kwenye ukingo wa kigoda kilicho nyuma yake kidogo upande wa kulia. Ukifanya sawasawa utahisi mkunjo wa kinena cha kulia ukibanwa, na paja likianza kuungua. Kifua kimegeuka nacho. Vifungo vya shati vinatazama pembe ya kulia ya meza, upande wako.

Kutoka hapo, sukuma sakafu kwa mguu wa kulia. Usifikirie mabega. Nyonga ya kulia itangulie mbele, kifua kifuate nyuma yake kwa kuchelewa kidogo, na uzito uhamie mguu wa kushoto. Kisigino cha kulia kitajiinua chenyewe na kugeuka nje.

Kule kuchelewa kidogo kwa kifua kuna maana kubwa. Nyonga ikitangulia, misuli ya tumbo na ya kifua inavutika kama manati, kisha inajirudi kwa kasi. Vyote vikigeuka pamoja kama mlango, manati haikuvutwa.

Nilikuwa na kijana mmoja, mrefu, mwenye mkono mwepesi ajabu, lakini hatua hii ilimshinda wiki nzima. Kila alipogeuka, mabega yalikuwa ya kwanza. Mwishowe nilichukua tyubu ile ile ya mazoezi, nikamfunga kiunoni, nikasimama nyuma yake nikiivuta taratibu kutoka upande wa kulia. Nikamwambia: "Nipokonye hii tyubu kwa nyonga." Jaribio la tatu, kisigino kikainuka. Aligeuka akanitazama kwa mshangao, akarudia tena na tena bila kuambiwa, jasho likimtiririka hadi kwenye alama za chaki. Siku ile hakugusa mpira hata mmoja, na nadhani ndiyo siku aliyojifunza topspini.

Fanya mizunguko 3 ya mara 15, asubuhi na jioni. Sebuleni panatosha.

Tahadhari. Goti la kulia lisianguke ndani kuelekea la kushoto. Libaki limeelekea vidole vya mguu. Na mzunguko utoke kwenye nyonga. Ukihisi unajikamua kiuno cha chini, huko siko. Rudi, kalia zaidi, geuka kidogo.

*Umefaulu ikiwa:* ukirekodi video kutoka mbele, mkanda wa suruali unaanza kugeuka kabla ya mabega, na kisigino kinainuka bila wewe kukifikiria.

## Hatua ya 4: Rudisha mkono, lakini uwe abiria

Shika raketi. Rudia hatua ya 3 vile vile, mkono ukiambatana na mwili. Unapokalia mguu wa kulia, raketi inakwenda nyuma kwa sababu kifua kimegeuka. Usiivute zaidi ya hapo.

Mpaka ni huu: kiwiko kisipite nyuma ya mstari wa mgongo. Kikipita, kichwa cha mfupa kinasukumwa mbele kwenye kile kisahani, na sehemu ya mbele ya bega inavutika vibaya kila mpigo. Wengi wanaolalamika maumivu ya mbele ya bega wana kosa hili moja tu.

Taulo linasaidia hapa. Likunje liwe nene kama kigasha chako, libane kwapani bila kulikaba, kisha fanya mpigo wa hewani. Taulo libaki mahali pake unapokwenda nyuma. Likidondoka wakati wa kwenda nyuma, umekinyanyua kiwiko na bega limepanda. Likidondoka mwishoni, mkono ukiwa juu mbele yako, hakuna shida.

Kiwiko kiwe kimefunguka kuliko pembe mraba, lakini kisinyooke. Najua utaniuliza kuhusu Ma Long, bingwa wa Olimpiki wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 2016 na tena katika Michezo ya Tokyo, ambaye huunyoosha mkono karibu wote anapokwenda nyuma. Ni kweli, na ni mpigo mzuri kuutazama. Lakini mkono ulionyooka ni mpini mrefu: raketi ile ile inalilemea bega zaidi, na anayeweza kuubeba mzigo huo ni yule ambaye miguu na kiuno chake vimejengwa tangu utotoni. Anza na mpini mfupi.

*Umefaulu ikiwa:* mipigo 20 ya hewani inaisha, mapaja yanalalamika na bega halina habari.

## Hatua ya 5: Usugue mpira mbele ya mwili

Mpira unakaa kwenye raba kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mtu anayeweza kurekebisha kitu ndani ya muda huo. Kila kitu kimeshaamuliwa na njia ambayo raketi ilikuwa inapita, kwa hiyo acha kuuongoza mpira kwa bega kama unayeuwekea mkono mabegani.

Dondosha mpira mwenyewe mezani kwa mkono wa kushoto, usubiri ufike kilele cha mdundo, kisha piga. Mguso uwe mbele kidogo ya nyonga ya kulia, kati ya kiuno na kifua. Raketi imeinama mbele kidogo, inakwenda mbele na juu.

Kigasha kinafunga mwisho. Mfuatano mzima ni mguu, nyonga, kifua, bega, kiwiko, kisha kifundo cha mkono. Bega lipo katikati kabisa ya mnyororo: linapokea kutoka chini na kupitisha juu. Kwa wakati wa mguso mkono wa juu unazunguka kwenda ndani, kiwiko kinakunjika, na raketi inapita kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wako.

Sikiliza sauti. Mpira uliopigwa bapa unasema *tak*, kavu. Mpira uliosuguliwa una sauti laini iliyovutwa kidogo, kama kitambaa kinachopita juu ya meza. Wengi wanaijua sauti sahihi kabla mkono haujaweza kuirudia.

Malizia raketi ikiwa mbele ya paji la uso, kama anayepiga saluti, uzito ukiwa mguu wa kushoto.

Tahadhari. Usiukate mpigo ghafla ukidhani unajiandaa haraka kwa mpira unaofuata. Kuusimamisha mkono papo hapo ndiko kunakozichana breki. Na usiupeleke hadi kuizunguka shingo; hapo umeshazidisha na utachelewa kurudi.

*Umefaulu ikiwa:* mpira ukitua upande wa pili unaruka mbele na chini, kama uliosukumwa mgongoni.

## Hatua ya 6: Lishwa mipira, polepole kuliko unavyotaka

Sasa mwite mwenzako na beseni lake. Piga kwa nusu ya nguvu zako. Nguvu zote zina kasoro moja mbaya: mwili ukiona haujui njia mpya, unarudi kwenye njia ya zamani, na ya zamani ni bega.

Anza na mipira isiyo na mzunguko, 20 kwa mkupuo, kisha pumzika dakika moja. Ukitia mezani 14 kati ya 20 mara mbili mfululizo, sogea mbele. Hatua inayofuata ni mwenzako kukuzuilia tu, ukipiga topspini mfululizo katika pembe moja. Vigezo ni vile vile.

Halafu kuna mpira uliokatwa.

### Mpira uliokatwa, mahali mabega yanapoharibika

Mpira uliokatwa unazunguka kurudi nyuma, na ukigusa raba unataka kudondoka. Mchezaji ameuona ukiingia wavuni mara tatu, ya nne anaamua kuunyanyua. Anaunyanyua kwa nini? Kwa bega. Bega linapanda sikioni, kiwiko kinainuka, na kano ya juu ya kiungo inasuguliwa kila mpira.

Mpira wenyewe una gramu 2.7. Hauhitaji kunyanyuliwa na bega la mtu mzima. Unahitaji raketi iingie chini yake na ipite kwa kasi kwenda juu.

Fanya hivi. Kalia mguu wa kulia zaidi kuliko kwa mpira wa kawaida. Bega la kulia lishuke chini ya la kushoto kwa sababu goti limekunjika zaidi. Usilishushe kwa kupinda mgongo. Raketi ianze karibu na usawa wa goti, uso wake umefunguka kidogo zaidi. Subiri mpira uanze kushuka kidogo kutoka kileleni. Kisha *simama*. Ule mwendo wa miguu kunyooka ndio unaoupandisha mpira. Mkono unasugua tu.

Nawaambia wachezaji wangu wajaribu kupiga mpira uliokatwa huku wakisema "simama" kwa sauti wakati wa mguso. Ukumbi unakuwa na kelele, lakini inafanya kazi. Neno likitoka baada ya mpira kuondoka, miguu ilichelewa na bega limefanya kazi peke yake.

Ukiendelea kuingiza wavuni, usiongeze nguvu. Shuka zaidi. Ukitoka nje ya meza, uso wa raketi umefunguka mno.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya mipira 60 iliyokatwa unahisi mapaja na makalio, na bega limechoka kama lilivyochoka tumbo, si zaidi.

## Hatua ya 7: Jitazame, tena bila huruma

Weka simu upande wa kulia, mita 3 kutoka kwako, usawa wa kiuno. Rekodi mipira 10 kwa mwendo wa polepole. Kisha ihamishie nyuma yako, mipira 10 mingine.

Simamisha picha mahali pawili. Pa kwanza ni raketi ikiwa nyuma kabisa: je, goti la kulia limekunjika? Kiwiko kimepita mgongo? Pa pili ni wakati wa mguso: kuna nafasi kati ya sikio na bega la kulia? Ikiwa bega limemeza shingo, rudi hatua ya 4 na taulo lako.

Ukitaka kujilinganisha na mtu, mtafute Quadri Aruna wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Olimpiki, huko Rio mwaka 2016. Foahendi yake inatisha. Zima sauti, funika nusu ya juu ya skrini kwa karatasi, utazame miguu tu kwa dakika 5. Utaelewa nguvu ile inatoka wapi.

## Hatua ya 8: Ukiwa mbali na mpira, sogeza miguu

Hii ni fupi. Mpira ukija nje ya nafasi yako, miguu ihame kwa hatua mbili za kuteleza, ya pili ikutie kwenye mkao wa hatua ya 2. Anayeufuata mpira kwa kunyoosha mkono anapiga akiwa amelifungua bega hadi mwisho, bila mguu nyuma yake. Mpira mmoja wa namna hiyo, ukiwa umechoka, unatosha kukuweka nje mwezi mzima. Ukiona huufikii, urudishe tu kwa upole au uuache. Pointi moja si bega.

## Hatua ya 9: Imarisha breki nje ya meza

Mara 3 kwa wiki, dakika 15. Yale ya hatua ya 1 yaongezee mizunguko: kusukuma ukuta mizunguko 3, kufungua mlango kwa tyubu mizunguko 3, daima kurudi polepole. Ongeza moja: funga tyubu mbele yako, ivute kwa mikono yote miwili hadi viwiko vifike mbavuni, ukiyabana makombe ya bega yaelekeane na kushuka. Mara 12.

Fanya mikono yote miwili. Mpira wa meza unajenga upande mmoja, na mwili uliopinda hauzunguki vizuri.

## Maumivu gani ya kuyasikiliza

Uchovu wa msuli unasambaa, uko pande zote, na kesho kutwa umeondoka. Huo usikutie hofu.

Simama siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: maumivu makali sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, maumivu mkono unapopita usawa wa bega ukiuinua pembeni, kisha yanapungua ukifika juu, maumivu yanayokuamsha usiku ukilalia bega hilo. Ukihisi ganzi inayoshuka hadi vidoleni, au mkono ukikataa kabisa kuinuka, nenda hospitali umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Usisubiri mashindano yaishe.

Nisikilize hapa, kwa sababu niliyalipia. Nilicheza mashindano ya mtaani siku mbili nikimeza vidonge vya maumivu kila asubuhi. Vidonge vilinyamazisha bega, nami nikalichosha zaidi bila kusikia. Kwa miezi minne baada ya hapo sikuweza kuvaa shati bila kuanza na mkono wa kulia, na usiku nililala nimekumbatia mto ili bega lisigeuke. Kidonge hakirekebishi mpigo.

Ukirudi baada ya kupona, rudi hatua ya 3. Usirudi kwenye mechi.

## Hatua ya 10: Iingize kwenye mechi

Cheza seti moja tu ya pointi 11 na mtu unayemfahamu. Usihesabu pointi wewe. Mwombe mtu wa tatu akae kwenye kiti pembeni, kulia kwako, na ahesabu vitu viwili kwenye karatasi: topspini zote za foahendi ulizopiga, na zile ambazo kisigino chako cha kulia kiliinuka.

Zikiwa chini ya nusu, kesho ni kukunja mikono kifuani tena, bila raketi. Zikiwa nusu au zaidi, cheza seti ya pili, na karatasi ibaki mkononi kwake.